Jibu: Miguu minene inayouma, si kila uvimbe ni matende

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako, kwamba miguu imenenepa tangu avunje ungo, inamuuma na majirani wanasema ni matende: soma hili kabla hujampa dawa nyingine ya kienyeji. Mimi ni wa Tanga, na ninaishi na ugonjwa unaofanana sana na unaoueleza. Unaitwa lipedema.

Mtazame nyayo. Kwenye lipedema mafuta hujaa chini ya ngozi kuanzia nyonga, miguu yote miwili sawasawa, halafu hukomea ghafla kwenye vifundo kama suruali iliyotiwa mpira chini. Nyayo na vidole hubaki vyembamba. Matende mara nyingi mguu mmoja huuzidi mwenzake, na unyayo nao huvimba. Kisha jaribu kufinya ngozi ya juu pale kinapoanzia kidole cha pili cha mguu. Ikigoma kunyanyuka, limfu (majimaji ya mwilini yanayopita kwenye mishipa yake) imeziba, mpeleke hospitali haraka. Hata ikinyanyuka, kipimo cha matende afanye tu, sisi wa pwani hatuna sababu ya kubahatisha.

Mie nilitolewa damu usiku, maana vijidudu vya matende huzunguka kwenye damu saa hizo. Havikuonekana. Daktari mmoja akaniambia nipunguze ugali na chapati. Nikapungua kweli: uso ukachongoka, mabega yakatoka mifupa, mapaja yakabaki vilevile na maumivu yake. Hili ndilo nataka ulishike, dada. Mafuta haya hayasikii njaa. Msimshindishe njaa binti wa watu, na msimwite mvivu. Ale vizuri, asiongezeke uzito ili magoti yasielemewe, basi.

Mtaalamu wa ngozi ndiye aliyenitajia jina la ugonjwa. Alinibonyeza kwenye muundi kwa kidole gumba. Hapakubaki kishimo, ila niliruka kwa maumivu. Akaangalia mapajani palipovilia damu bila hata kugongwa, akauliza kama mama ana miguu hii. Mama anayo, na bibi mzaa mama alikuwa nayo. Madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic, Marekani, waliueleza mwaka 1940, lakini mpaka leo wengi hawaujui. Karibu wote wanaoupata ni wanawake, na huanza au kuzidi homoni zinapobadilika: kuvunja ungo, mimba, kukoma hedhi.

Dawa ya kuumaliza hakuna. Anayekuuzia chai ya kuyeyusha mafuta anakula hela yako. Kinachonisaidia ni soksi za kubana, nazivaa asubuhi kabla miguu haijajaa. Apimwe kwanza kifundo, shavu la mguu na paja, asinunue za kukisia. Na maji! Naenda Raskazoni, natembea baharini maji yakiwa kifuani. Maji yanaibana miguu pande zote bila kuiumiza, nikitoka inakuwa myepesi mpaka jioni. Upasuaji wa kufyonza mafuta upo na wengi huwapunguzia maumivu, ila ni ghali, na anayefanya lazima ajue kulinda mishipa ya limfu. Asiende kwa yeyote anayefanya ya urembo tu.

Kama alichonacho ni vinundu vya mafuta vinavyouma, vya mikononi au tumboni, hiyo inaweza kuwa habari nyingine, ugonjwa wa Dercum, na maelezo yake ni tofauti. Tujibu hapa: vifundo vyake vikoje, na akigongwa kidogo anavilia damu?