Swali la mageuzi ya viumbe, lile la kwenye jaribio la Marekani la kupima uelewa wa sayansi, linapima elimu au imani?

Linachanganya vyote viwili, kwa hiyo kama kipimo cha uelewa wa sayansi lina walakini. Mwaka 2012 Wamarekani walilijaribu kwa makundi mawili ya watu wazima. Walioulizwa moja kwa moja kama binadamu wametokana na wanyama wa kale, 48% walisema ni kweli. Wenzao wakaongezewa maneno machache tu mwanzoni, "kwa mujibu wa nadharia ya mageuzi", wakafika 72%! Yaani wapo wanaoijua vizuri nadharia ila hawaikubali. Matokeo hayo yamo kwenye ripoti ya Marekani ya hali ya sayansi, Science and Engineering Indicators, ya 2014. Halafu maswali mengi ya jaribio lile ni ya kweli/si kweli, hata anayebahatisha anaokota nusu.