Daftari la Balozi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimetoka zamu ya usiku na chai ikinipolea mezani, kwa kuwa swali lako si la kujibiwa kwa simu. Umeniuliza inakuwaje bado najiita mhafidhina, ilhali watu wa upande wangu ndio walioipa serikali ya Marekani uwezo wa kupekua mawasiliano ya raia, na leo ndio wanaolalamika kuliko wote kwamba serikali inawachungulia na nchi inadidimia. Umeuita huo unafiki. Sehemu yake ni unafiki kweli, sikubishii.

Tanga ya utoto wangu ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi, na balozi wetu alikuwa na daftari la jalada la buluu ambamo kila mgeni aliyelala mtaani aliandikwa jina lake, atokako na siku atakazokaa. Alikuwa mzee mwema, na hatukuona ubaya wa daftari lake. Alipofariki lilimwangukia mtu mwingine, ambaye hakuchelewa kugundua kwamba anayejua nani amelala kwa nani anaweza kumwomba mtu chochote asinyimwe. Daftari lilikuwa lile lile, na kalamu yake imefungwa kwa uzi ule ule.

Ungetarajia basi kwamba niliipinga Sheria ya Patriot, ile iliyoipa serikali ya Marekani uwezo huo wa kupekua. Sikuipinga. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Kinondoni bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani; watu 11 walikufa Dar es Salaam, na Nairobi zaidi ya 200. Kwa hiyo Rais George W. Bush alipoitia saini sheria ile tarehe 26 Oktoba 2001, majuma sita tu baada ya Septemba 11, nilishusha pumzi. Katika Seneti ilipita kwa kura 98 dhidi ya 1, ile ya Russ Feingold, na katika Baraza la Wawakilishi ni Warepublican watatu tu, watu wa chama chetu wahafidhina, walioikataa. Wengine wote tuliona kwamba rais ni mcha Mungu, ana nia safi, basi ya nini kumfunga mikono? Nia safi ya rais tuliihesabu kama kifungu cha sheria, na hapo ndipo tulipokosea.

Kosa hilo halikuanza na Bush. Ronald Reagan, ambaye picha yake ulikuwa ukiicheka sebuleni kwetu, aliapishwa Januari 1981 akisema kwamba serikali si suluhisho la tatizo letu, bali serikali ndiyo tatizo. Na Desemba ya mwaka huo huo akatia saini Amri ya Rais namba 12333, ambayo mashirika ya ujasusi yanaitegemea hadi leo katika kukusanya habari. Wahafidhina wenzangu huikumbuka hotuba, amri wakaisahau. Nami nampenda Reagan, lakini rais humpimi kwa hotuba wala kwa bei ya petroli ya enzi yake. Unampima kwa madaraka aliyomwachia mtu asiyempenda.

Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za shirika la ujasusi la NSA, alipofichua mwaka 2013 kwamba kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia zilikuwa zikikusanywa, Barack Obama, wa chama cha upande wa pili, ndiye aliyekuwa Ikulu, na ghafla wengi wetu tukaona daftari liko mikononi mwa nani. Unafiki unaousema upo hapo. Hata hivyo usiwaweke wote kapu moja. Jim Sensenbrenner, Mrepublican aliyeiwasilisha Sheria ya Patriot bungeni, alisema wazi kwamba haikukusudiwa kutumika hivyo, akashiriki kuandika sheria ya mwaka 2015 iliyokomesha ukusanyaji ule wa jumla. Mwaka 2019 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alikuta makosa na mapungufu makubwa 17 katika maombi ya FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, ya kumfuatilia mtu aliyewahi kuishauri kampeni ya Trump. Waliokuwa wakisema asiye na hatia hana la kuogopa wakanyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kuhusu kudidimia kwa nchi, kilio hicho ni cha zamani. Jimmy Carter, ambaye hakuwa mhafidhina, alisikika akizungumzia kupotea kwa imani ya taifa tangu Julai 1979. Ninachokiona mimi ni kidogo zaidi: watu hawamwamini tena anayeshika daftari, yeyote awaye, na badala ya kudai daftari lipunguzwe kurasa, kila upande unangoja zamu yake ya kulishika.

Umeuliza pia nitampigia nani kura huku Marekani. Aprili 2024, katika Baraza la Wawakilishi, lililetwa pendekezo kwamba maofisa wapate kwanza kibali cha mahakama kabla ya kutafuta habari za Mmarekani ndani ya mawasiliano yaliyonaswa chini ya Kifungu cha 702, kile kilichoruhusu kunasa bila kibali mawasiliano ya wageni walio nje ya Marekani. Kura zilifungana, 212 kwa 212, na pendekezo likaanguka. Warepublican 128 waliliunga mkono, 86 wakalikataa. Orodha ya majina nimeichapisha, nimeibandika kwenye friji, na wa jimbo letu nimempigia mstari.

Wako,
Mama