Barua zenu: Mtoto anarudi nyumbani na vumbi ya kijani

*Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, anauliza:*

Yaya, jambo. Niko na mtoto wa miaka 12, yuko kalasi ya sita primeri. Mwaka jana mjomba wake alimpeleka kwa patroni mmoja mwenye atelie ya malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, wanatengeneza mamba, mayai, shanga, visahani, halafu watu wanakuja kubeba kwa makartoni wanapeleka inje ya inchi. Mwanzo alikuwa anaenda kisha masomo, sasa anaenda tangu asubuhi, masomo imebaki siku mbili kwa wiki. Hawamlipi. Patroni anasema mtoto hafanyi kazi, anajifunza, siku akijua vizuri ndio ataona makuta. Anarudi na vumbi ya kijani mpaka ndani ya masikio, usiku anakohoa. Mjomba anasema mimi ndio naharibu mtoto kwa kumdekeza. Nifanye nini?

*Jibu:*

Mama, pole sana, na asante umeandika. Naanza na hilo neno "anajifunza", kwa sababu ndani yake ndio kila kitu kimefichwa. Muulize patroni, na mjomba awe amekaa hapo anasikia: anajifunza nini, na anamaliza lini? Fundi wa kweli atakujibu palepale, atakwambia sasa anajua msumeno, mwezi ujao namuonyesha kuchora umbo, kisha kutoboa shanga. Lakini mtoto akiwa mwaka mzima anafanya kitu kimoja, msasa tu, msasa tu, na vile vitu vinauzwa na yeye hapewi hata franka ya kununua maandazi, mama, hapo hakuna masomo yoyote, hapo kuna mtu anafanyiwa kazi bure.

Na hii njia si ya Lubumbashi peke yake. Kule Jaipur, India, mji unaojulikana dunia nzima kwa kukata na kung'arisha zamaradi na mawe mengine ya rangi, kwa miaka mingi watoto wadogo waliingizwa kwenye atelie namna hiyohiyo. Jiwe linabandikwa kwa gundi kwenye ncha ya kijiti ili vidole vidogo vilishike juu ya gurudumu linalozunguka, mtoto anainama hapo saa nyingi, macho kwenye kitu kidogo kama punje ya mchele, miaka inapita bila malipo ao kwa malipo ya kuchekesha, na ukiuliza unaambiwa anajifunza. Mwenye kuuza inje ukimfuata ofisini anasema mimi sina mtoto hata mmoja kazini, na kwenye makaratasi yake ni kweli, kwa sababu mawe aliyapa mtu wa katikati, wa katikati akayapa nyumba fulani, na ndani ya nyumba ndio kuna watoto. India walitoa sheria 1986, wakaikaza 2016, chini ya miaka 14 kazi yoyote ni marufuku, lakini wakaacha mlango wazi: mtoto anaweza kusaidia biashara ya familia kisha masomo. Sasa angalia kwako, nani alimpeleka mtoto? Mjomba. Kila mtu anaona ni mambo ya familia, hakuna anayeuliza.

Tuje kwa kikohozi, hapa ndipo sitaki ungojee. Malakiti ni jiwe la shaba, ile kijani ni shaba yenyewe, ukiisugua kavu vumbi yake inachoma macho, pua na koo, na ile laini kabisa, ile hauioni, inashuka mpaka kwenye mapafu. Khambhat, India hukohuko, wanaosaga mawe ya akiki wanapata silikosi, mapafu yanakuwa magumu kidogokidogo, haina dawa ya kuiponya, na inafungulia kifua kikuu mlango. Hata Ubelgiji, Antwerp, kwenye miaka ya 80 madaktari waliona wang'arishaji wa almasi wameugua mapafu kwa sababu ya kobalti iliyokuwa kwenye sahani za kusugulia, kobalti, ile tunaijua sisi wa Katanga kuliko mtu yeyote. Na wale walikuwa watu wazima! Mpeleke mtoto kwa munganga wa hospitali wiki hii, na umwambie wazi kwamba anasugua mawe, usiseme tu "anakohoa", juu atampa sirop na kumrudisha.

Kuhusu sheria: yetu ya kulinda mtoto ni ya tarehe 10 Januari 2009, inasema kazi ni kuanzia miaka 16, na kazi yenye kuharibu afya hata huyo wa 16 haruhusiwi. Kwa hiyo patroni hana pa kusimama. Lakini sikwambii uanze na polisi. Anza na mjomba, muonyeshe daftari za mtoto, primeri kwenye shule za serikali ni bure tangu 2019, egzameni ya mwisho inakuja, akiikosa mwaka umekufa. Wakikataa, nenda kwa shefu wa kartie, kisha watu wa afere sosyal (ustawi wa jamii) wa komini, na tribunali ya watoto iko hapa Lubumbashi. Na mama, hukumdekeza. Mjomba wangu mwenyewe alisugua mawe tangu utoto, nilikuwa nalala chumba cha pili na namsikia akitafuta pumzi usiku, kwa hiyo barua yako niliisoma mara tatu.

*Kijana wa Kampemba anayeuza mawe anauliza:*

Mteja wangu wa Ulaya anataka nimhakikishie hakuna mtoto aliyegusa mzigo. Almasi ya Kasai inatoka na karatasi ya Kimberley, si inatosha?

*Jibu:*

Haitoshi, ndugu. Ile karatasi ilianza kazi 2003 na inaangalia almasi ghafi tu, kwamba haikulipia waasi vita. Ikifika Surat, India, kukatwa, mambo ya nani anaikata hayamo kabisa, na malakiti yako ndiyo haimo hata kidogo. Kitu unaweza kufanya ni kidogo lakini ni cha kweli: ingia kwenye atelie asubuhi ya siku ya masomo, bila kupiga simu kwanza, uone nani amekaa kwenye gurudumu. Ukikuta watoto usikimbie kununua kwa jirani, maana patroni atawatoa leo na kesho wako kwenye mashimo ya madini ya Kolwezi. Mwambie unaendelea kununua kama ataweka watu wazima na kuwalipa, na wewe uongeze bei, juu ile bei ya chini unayoipenda ni mtoto ndiye anailipia.

*Kijana wa miaka 15, wa Ruashi, anauliza:*

Mimi mwenyewe napenda hii kazi, hakuna aliyenilazimisha, nachonga ndege watu wanashangaa. Niache?

*Jibu:*

Mdogo wangu, mkono wako usiuache. Uache vumbi, na uache kukosa masomo. Chora ndege zako kwenye daftari, tengeneza umbo kwa udongo ao mti laini, hata fundi mkubwa anaanza hapo. Gurudumu na msasa vingoje uwe mtu mzima, na siku hiyo usugue jiwe likiwa limelowa maji, kwenye hewa wazi, na maski ya kweli, si kitambaa. Nitumie picha ya ndege mmoja, nataka kumuona.