Ukitaka mieleka hapa Mtwara, mtazame kwanza López anavyopumzika

Vijana wanaokuja ufukweni Shangani jioni kutaka kufundishwa mieleka karibu wote wameijua kwenye televisheni: kamba, ngazi, jamaa anajirusha kutoka juu na kumwangukia mwenzake. Huwa nawaacha waruke mchangani mpaka wachoke. Tukishakaa natoa simu, nawaonyesha mtu wa miraba minne kutoka Kuba ambaye haruki popote. Anamsogelea mpinzani, anamkumbatia, anamsukuma nje ya duara. Wengi huniuliza, "Ndiyo hiyo tu, kocha?"

Ndiyo hiyo tu. Huyo ni Mijaín López, mzaliwa wa kijiji cha Herradura, mkoa wa Pinar del Río unaolima tumbaku. Alichukua dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008, London 2012, Rio 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris 2024. Hakuna mwanamichezo mwingine, wa mchezo wowote, aliyewahi kushinda shindano lilelile la mtu mmojammoja katika Olimpiki tano mfululizo. Mwanariadha Carl Lewis aliishia nne, na mwogeleaji Michael Phelps pia. Usiku ule wa Agosti 2024 López alikuwa anakaribia kutimiza miaka 42.

Wakishamaliza kushangaa nawauliza: kati ya Tokyo na Paris alicheza mashindano mangapi ya kimataifa? Mmoja husema kumi, mwingine ishirini. Hakucheza hata moja. Alikaa miaka mitatu akifanya mazoezi yake, akatokea Paris, na kwenye fainali akamfunga Yasmani Acosta pointi 6 kwa 0. Acosta naye ni Mkuba, aliyehamia Chile na kuichezea nchi hiyo. Waliwahi kufanya mazoezi pamoja, kwa hiyo huwezi kusema hakujua mtu aliyesimama mbele yake.

Mdogo wangu, ushauri wangu wote unatoka hapo. Nilianza na judo nikiwa Dar es Salaam, nikarudi nyumbani, na sasa huu ni muda mrefu nawasaidia vijana wa Mtwara na wachache wa Lindi wanaokuja likizo. Sijaona kijana aliyeacha kwa kukosa nguvu. Nguvu wanazo, tena za kugawa. Wanaoacha ni wale ambao hawawezi kukataa mwaliko. Jumamosi bonanza, Jumapili pambano la ngumi kwa sababu mtu kaahidi elfu ishirini, Jumanne yuko kwenye mpira, Alhamisi anakuja kwangu bega limevimba. Ukimwambia kaa wiki mbili, anaona unamnyima riziki. Akifika miaka ishirini na mitatu, bega halipandi tena.

Usidhani López alizaliwa hashindwi. Athens 2004, akiwa kijana, alitolewa robo fainali na Mrusi Khasan Baroev. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2008 akakutana na Baroev yuleyule kwenye fainali, akamshinda. Halafu mtazame na Mturuki Rıza Kayaalp. Huyu alimfunga López kwenye fainali ya ubingwa wa dunia mwaka 2011, na tena mwaka 2015. Lakini kwenye Olimpiki? London 2012 walikutana nusu fainali, López akapita. Rio 2016 fainali, López 6 kwa 0. Tokyo nusu fainali, López tena. Mimi nalisoma hivi: alijua siku yake ni ipi, na mwili wake akauandalia siku hiyo. Kupoteza nyingine kulimuuma, bila shaka, ila hakukumfanya akimbilie marudiano kila kona.

Sasa mchezo wenyewe, maana wazazi pia huniuliza. Hii ni mieleka ya Kigiriki-Kirumi. Huruhusiwi kushika chini ya kiuno cha mwenzako, wala kutumia mguu wako kumkwatua. Kazi yote ni kifua, mikono, mgongo na nyonga. Pambano lina vipindi viwili vya dakika tatu, katikati mapumziko ya nusu dakika. Ukimlaza mabega yote mawili chini, mchezo umekwisha hapohapo. Ukimtangulia kwa pointi nane, umekwisha pia. Asiyeshambulia anahesabiwa kuwa anakwepa: mwenzake anapewa pointi, na yeye anaweza kulazwa kifudifudi ili mwenzake ajaribu kumzungusha. Hapo ndipo López alipokuwa anawamaliza watu. Kabali ya kiunoni, anakunyanyua, anakubiringisha kama pipa.

Kwa sababu miguu haiguswi, Mmakonde aliyekulia kubeba mizigo anaweza kufika mbali katika mtindo huu kuliko ule wa huria, ambao unaruhusu kushika miguu na unadai kujua kurukia miguu tangu utotoni. Haya ni maoni yangu, na wenzangu wa judo hatujakubaliana.

Mkeka rasmi hatuna. Duara la mashindano ni mita tisa kutoka ukingo hadi ukingo, na bei ya mkeka wake usiiulize. Tunachotumia ni vitu viwili. Cha kwanza ni mchanga, na mchanga una saa zake. Maji yakipwa, ule mchanga uliotoka kulowa unakuwa umeshikana. Unaweza kusukumana juu yake bila kifundo cha mguu kuzama. Mchanga mkavu wa juu ni mzuri kwa mazoezi ya pumzi, lakini ukifanyia mirusho utavunja kifundo. Kwa hiyo ratiba yetu inafuata bahari: wiki ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tunajipanga nayo, wiki nyingine tunakwenda kwenye kitu cha pili, nacho ni maranda. Nenda kwa mafundi seremala, omba maranda na vumbi la mbao, jaza shimo la kina cha magoti, shindilia, kisha tandika turubai zito na ulikaze pembeni kwa vigingi na magunia ya mchanga. Turubai likilegea linafanya mikunjo, na mkunjo ndio unaonasa kidole cha mguu. Kila wiki fungua, geuza maranda, toa misumari. Ipo, niamini.

Miezi ya kwanza hakuna kurushana. Kuanguka kwanza. Anayeanguka ajue kukunja kidevu na kupiga mkono chini. Kisha shingo, pole pole sana: piga magoti, mwenzako akusukume kichwa kwa kiganja huku nawe unakataa, mbele, nyuma, kulia, kushoto. Daraja la kichwa, yaani kuupinda mwili ukiwa umeegemea kichwa na miguu, liache mpaka shingo ikomae. Kisha mikono ya ndani, yaani kupenyeza mkono chini ya kwapa la mwenzako kabla hajapenyeza wake. Vijana wanachoka na zoezi hili kwa sababu halina shangwe. Lakini ukitazama pambano lolote la wakubwa, dakika nne kati ya sita ni vita ya kwapa tu.

Usiachie mikono. Aleksandr Karelin wa Urusi alikaa miaka kumi na tatu hajafungwa, dhahabu tatu za Olimpiki, na kwa miaka sita hakuna aliyempata hata pointi moja. Sydney 2000, fainali, mikono yake ilifunguka wakiwa wamekumbatiana. Kwa kanuni za wakati ule ikawa pointi. Mpinzani wake Rulon Gardner, Mmarekani aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Wyoming, akashinda 1 kwa 0.

Kuhusu uzito nitakuwa mkali. Madaraja ya Olimpiki kwa mtindo huu ni kilo 60, 67, 77, 87, 97 na 130. Kijana mwenye kilo 72 ataambiwa na wajuaji ashuke hadi 67. Nimewaona wamevaa koti la mvua, wanakimbia barabara ya Mikindani saa nane mchana, hawanywi maji. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakipunguza uzito kwa njia za namna hiyo, na kule hospitali ziko karibu. Kwa joto letu, usithubutu. Kula samaki, kula mbaazi na kunde, kunywa maji, cheza na uzito ulionao. Ukiwa bado unakua, daraja la juu litakufuata lenyewe.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na Wakuba, Mwafrika hayamhusu. Karam Gaber wa Misri alichukua dhahabu ya kilo 96 Athens 2004, na kwenye fainali alimshinda Mgeorgia pointi 12 kwa 1. Alikuwa anawarusha watu kiasi kwamba hata asiyejua kanuni alisimama. Mwisho wa mwaka huohuo akaenda Japani kwenye ngumi za mchanganyiko (MMA), akapigwa akazimia raundi ya kwanza. Beijing hakupata kitu. London 2012 akarudi na fedha, safari hii kilo 84. Nawapa vijana habari yake yote, si ile nusu ya kwanza tu, kwa sababu kwa kipaji sidhani kama López alimzidi. Alimzidi kwa kutulia.

Kingine ni msimu. Mwaka wa mazoezi hapa hauwezi kuanza Januari kama kwenye vitabu. Korosho zikianza kudondoka, kijana yuko shambani Tandahimba au Newala anaokota, au yuko ghalani anapakua magunia kwenye lori. Usijaribu kufanya vyote. Kubeba gunia na mgongo uliopinda tangu asubuhi, halafu jioni uje kurushwa, ni kutafuta pingili ya mgongo ihame. Oktoba hadi Desemba mimi nawapa kazi ya shingo na kunyoosha viungo tu, dakika chache kabla ya kulala. Tunaanza upya minada ikipoa. Na fedha ya korosho ikiingia, nunua viatu vyenye soli laini na kizuia meno kabla ya spika ya bluetooth. Hili nalisema kila mwaka na spika zinazidi kuongezeka.

Sikio likivimba baada ya kusuguana, damu imejikusanya ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo ikatolewe, maana ikiganda sikio linabaki gumu hivyo maisha yote. Mapunye na upele: oga kabla na baada, kata kucha, osha turubai kwa sabuni. Mwenye kidonda anakaa pembeni, hata kama ndiye mwenye turubai.

Mabinti wanaouliza: mtindo huu Olimpiki bado ni wa wanaume peke yao. Wanawake wanacheza ule wa huria, tangu 2004. Njooni, mafunzo ya kuanguka ni yaleyale, tutatenganisha baadaye.

Swali la mwisho huwa la baba: "Kuna hela?" Kwa sasa hapa kwetu, hakuna. Njia iliyo wazi zaidi ni judo, kwa sababu Tanzania inapeleka watu. Andrew Mlugu alikuwa Paris 2024 kwenye judo. Kwa hiyo mwanao asome shule, aje jioni mara tatu kwa wiki, na akipata nafasi ya judo aichukue. Ada sichukui. Nachotaka ni barua ya mzazi, na namba ya simu ambayo mtu atapokea.