Maswali ya Wasomaji: Kipaji Changu Kiko Wapi?

Wahariri, habari za kazi. Nina miaka 29, ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Wenzangu wana vipaji: mmoja anaimba kwaya, mwingine anapika keki za harusi. Mimi sijioni na chochote. Kazini natumwa huku na huku, na mwisho wa mwezi hesabu zikigoma naitwa nizitazame. Mtu kama mimi ajijue vipi? (Dada, Morogoro)

Dada, jibu umeliandika mwenyewe katikati ya barua, kisha ukalipita. Hesabu zikigoma unaitwa wewe. Hakuna anayemwita mtu saa kumi na moja jioni kwa kumpa heshima tu. Anaitwa kwa sababu mara ya mwisho kosa alilipata. Tuseme leja na fedha iliyopo zinapishana kwa shilingi 27,000. Wengine wanaanza upya kutoka stakabadhi ya kwanza. Mwenye jicho la hesabu anaona kwamba 27,000 inagawanyika kwa 9, anahisi kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na anakwenda kutafuta 41,000 iliyoandikwa 14,000. Kama unafanya kitu cha namna hiyo bila kufundishwa na mtu, hapo ndipo pa kuanzia.

Vipaji vya jukwaani vinajitangaza vyenyewe. Kukagua, kupanga, kupatanisha, kueleza na kutuliza watu havionekani, kwa kuwa ukivifanya vizuri hakuna kinachotokea: hakuna hasara, hakuna ugomvi, hakuna mzigo uliopotea. Zaidi ya hapo, jambo likiwa jepesi kwako utadhani ni jepesi kwa kila mtu, na hutalihesabu.

Chukua daftari, lifanyie kazi siku 14. Kila jioni andika kazi tatu hadi tano ulizofanya siku hiyo, za dukani na za nyumbani. Mbele ya kila moja weka muda uliotumia, alama ya 1 hadi 5 ya namna ulivyojisikia ulipokuwa ukiifanya, alama nyingine ya ulivyobaki baada ya kuimaliza, na jina la aliyeiomba. Alama hizo mbili zisichanganywe, maana kuna kazi unayoiweza sana lakini inakuacha hoi. Hiyo ni ujuzi wa kulipia kodi ya nyumba, na usiijengee maisha yote. Usisubiri Jumapili ukumbuke wiki nzima: kumbukumbu hushika yaliyotokea jana na yaliyouma, mengine huyaacha.

Siku ya 15, pigia mstari vitendo na uache mada. Ukiandika "nilishughulika na mizigo", bado hujajua kitu. Uliipanga? Uliihesabu? Ulibishana na msambazaji akapunguza bei? Hizo ni kazi tatu zinazotaka watu watatu tofauti. Kitendo kilichojirudia mara nne au zaidi kwa alama 4 na 5 katika safu zote mbili, kiandike kwenye karatasi nyingine.

Kisha waulize watu. Tafuta wanane hadi kumi kutoka pande tatu: nyumbani, kazini, na waliokujua zamani shuleni au mtaani. Mwandikie kila mmoja ujumbe wake peke yake. Ukiuliza kwenye kundi la WhatsApp, wa kwanza atasema "wewe ni mchapakazi" na tisa waliobaki watamfuata. Wala usiulize "unadhani kipaji changu ni nini?", kwa sababu utapewa sifa. Uliza hivi: "Nikumbushe mara moja uliponiona nikifanya jambo vizuri. Nilifanya nini hasa?" Akijibu kwa neno moja la sifa, mwombe mfano. Zoezi la namna hii lilipangiliwa kitaalamu katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na sababu ya kuomba visa badala ya sifa ndiyo hiyo: kisa kina kitendo ndani yake. Jambo likitajwa na watu watatu wasiofahamiana, na liko kwenye karatasi yako, lichukulie kwa uzito.

Bado hujamaliza, maana hayo yote yanahusu ulikokwisha kufika. Chagua kitendo kimoja ukijaribu mahali papya kwa wiki sita, saa tatu kila wiki, na mwisho pawe na kitu cha kuonyesha. Kwako tungependekeza vitabu vya kikoba au vya msikiti au kanisa la mtaa: omba kuvikagua na kutoa taarifa ya ukurasa mmoja. Kabla ya kuanza, andika unachotarajia kitatokea na ukifungie. Peter Drucker, mtaalamu wa uongozi, aliwashauri watu wafanye hivyo kwa kila uamuzi mkubwa, kisha warudi kulinganisha baada ya miezi 9 au 12. Tofauti kati ya ulichotarajia na kilichotokea hukufundisha zaidi kuliko hisia za siku yenyewe.

Angalizo moja, kwa kuwa linawapata sana watu wa aina yako. Jicho linaloona kosa kwenye leja huliona pia kwenye sahani isiyooshwa vizuri na kwenye barua ya mwenzako. Uwezo ukitumika bila kuombwa huwa karaha. Weka mpaka: makosa ya fedha na usalama yaseme papo hapo, mengine ngoja uulizwe.

Nimefanya majaribio matatu ya kujitambua kwenye simu. Moja limesema mimi ni mtu wa ndani (mkimya, si wa kujichanganya), jingine kiongozi wa kuzaliwa, la tatu limenipa herufi nne ambazo wiki iliyopita zilikuwa nyingine. Yote nikiyasoma naona ni mimi kabisa. Nishike lipi? (Kijana, Mombasa)

Hiyo hali ya kuona "ni mimi kabisa" ndiyo ya kuogopa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake binafsi. Wote walipewa maelezo yaleyale, na sehemu kubwa aliitoa kwenye kitabu cha nyota. Wanafunzi wakayapima usahihi wake: wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Mtu akikuambia una uwezo mwingi ambao bado hujautumia, utakubali, na jirani yako atakubali.

Kuna njia rahisi ya kulipima jaribio lenyewe. Chapa maelezo ya aina zake zote, futa majina, mpe rafiki anayekujua achague lililo lako. Akichagua jingine, au akisema matano yanakufaa, hilo jaribio halijakutofautisha na mtu yeyote.

Kuhusu zile herufi nne: majaribio hayo hukata mstari katikati ya kipimo. Ukipata 51 upande mmoja unaitwa mtu wa ndani, mwenzako akipata 49 anaitwa wa nje, ingawa hamjapishana kitu. Ndiyo maana usingizi mbaya wa usiku mmoja unakubadilishia herufi. Waliokaribu na katikati ni wengi kuliko waliopo pembeni.

Mawili tunayaona yana kazi, kila moja kwa kazi yake. Mpango wa mwanasaikolojia John Holland wa makundi sita (wa vitendo na vifaa, wa uchunguzi, wa sanaa, wa kuhudumia watu, wa biashara na ushawishi, wa taratibu na kumbukumbu) unapima unachopenda. Haupimi unachoweza. Utumie kutafutia kazi ambazo hukuwahi kuzifikiria. Chukua makundi yako matatu ya juu na usimezwe na la kwanza. Orodha iitwayo VIA, ya wanasaikolojia Peterson na Seligman ya mwaka 2004, yenye tabia njema 24, inakupangia tabia zako zenyewe kuanzia ya juu hadi ya chini. Haikulinganishi na watu wengine. Uvumilivu ukiwa namba moja kwako haina maana kwamba unamzidi mtu yeyote uvumilivu.

Na wakikuletea kipimo cha alama za vidole cha kuonyesha kipaji cha mtoto, au ushauri kwamba mtoto ni "wa kuona" hivyo afundishwe kwa picha tu, fedha yako itunze. Vidole havionyeshi kipaji. Nadharia ya kufundisha kwa "mtindo" wa mtoto nayo imepimwa vya kutosha, na haikuleta faida iliyoahidiwa.

Mwanangu yuko kidato cha nne. Anataka tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa sababu mjomba wake ni daktari. Ripoti zake zina C za Fizikia na Kemia, B ya Biolojia, A ya Kiswahili na B ya Historia. Baba yake anasema kipaji cha sayansi hana. Mimi sina uhakika. (Mama, Tanga)

Mama, wasiwasi wako una msingi. Herufi peke yake haitoshi kuamulia. Katika mtihani wa kidato cha nne C inaanzia 45 hadi 64. Mtoto wa 46 na mtoto wa 63 wanabeba herufi moja, na hao si watoto wa aina moja. Omba shuleni alama zenyewe za Fizikia na Kemia kuanzia kidato cha tatu, zipange kwa tarehe. Zilizopanda kutoka 38 hadi 58 ndani ya mihula mitatu zinakuambia mengi kuliko 60 iliyokwama palepale. Kasi ya kujifunza ni dalili bora ya kipaji kuliko alama ya siku moja.

Halafu kaeni chini naye na karatasi tatu za mtihani zilizosahihishwa. Kila alama iliyopotea iandikwe sababu yake: hakuielewa mada, alielewa akakosea hesabu, hakuelewa swali, au muda ulimwishia. Msifanye haraka hapa. Mtoto anayepoteza alama nyingi kwa kukosea hesabu au kuishiwa muda anatibika kwa mazoezi ya kupimiwa saa, miezi miwili anaonekana. Asiyeelewa mada baada ya kufundishwa mara tatu ana tatizo jingine.

Lugha ndiyo inayowaponza wengi. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza anaweza kuwa na Fizikia kichwani na akakosa sentensi za kuielezea. A yake ya Kiswahili inatufanya tushuku hivyo. Mwambie akueleze kwa Kiswahili, dakika tano bila daftari, kwa nini chombo cha chuma kinaelea na msumari unazama. Huhitaji kujua Fizikia ili kumsikiliza: angalia kama anafuata sababu mpaka mwisho, na kama ukimuuliza "sasa maji ya chumvi je?" anaweza kufikiri papo hapo. Akiweza, mwanao hakukosa sayansi. Atahitaji msaada wa Kiingereza cha masomo.

Kuhusu mjomba, mpelekeni mtoto akaone kazi yenyewe: foleni ya wagonjwa, kuandika mafaili, zamu ya usiku. Wapo wanaopenda koti jeupe, na wapo wanaopenda kumsikiliza mgonjwa wa thelathini kwa subira ileile ya wa kwanza. Kwa kujieleza kwake, huenda uuguzi au afya ya jamii ukamfaa sawasawa na udaktari, na huko nako Biolojia inahesabika.

Msikate shauri la mwisho sasa. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa) hufungua dirisha la kubadili tahasusi na vyuo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform. Huwa halikai wazi muda mrefu, kwa hiyo uamuzi uwe tayari kabla na namba yake ya mtihani iwe karibu.

Ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Kampala. Nina miaka 47 na mgongo umechoka. Zaidi ya kuendesha sijui kitu. Nimechelewa? (Dereva, Changamwe)

Kaka, umri si kizuizi. Uwezo uleule huhitaji tu uwanja mwingine. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza Hamburg, akashinda kwa 2:05:30. Kilichobadilika ni urefu wa mbio.

Andika kila ulichofanya katika safari yako ya mwisho isipokuwa kushika usukani. Ulikagua mzigo na lakiri kabla ya kutoka. Ulihakikisha kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvukia mpaka, haijaisha muda. Mpakani Malaba, kati ya Kenya na Uganda, ulijua karatasi ipi iende dirisha lipi kwanza, na lori likikwama ulijua umpigie nani. Ulikisia mafuta, ukamtuliza mteja, pengine ukamwelekeza dereva mgeni. Hizo ni kazi zinazolipwa katika ofisi za mawakala wa forodha na katika idara za usafirishaji, na wengi wanaozifanya hawajawahi kulala Malaba.

Nenda kwa mawakala wawili au watatu mnaofahamiana. Usiombe kazi siku hiyo. Waulize ni makosa gani ya karatasi yanayowachelewesha zaidi mpakani, na ni yapi wangependa dereva ayaone kabla lori halijaondoka bandarini. Andika majibu yao, yageuze kuwa orodha ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, itumie katika safari zako mbili zijazo, kisha warudishie ikiwa imeandikwa tarehe na saa ulizotumia mpakani. Hapo ndipo uulize habari za nafasi.