Saruji kwa jahazi au kwa lori? Maswali na majibu

Nina duka la vifaa vya ujenzi Langoni, Lamu. Mifuko 600 ya saruji kutoka Mombasa niilete kwa njia gani?

Mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30. Kabla ya kuuliza nauli, hesabu mara ambazo mfuko utapanda begani mwa hamali, maana huko ndiko pesa zinakoishia. Lori mwisho wake Mokowe, gati la upande wa bara: mfuko ushushwe, upakiwe botini, ushushwe Lamu, kisha punda. Jahazi nalo: ushushwe Bandari ya Zamani Mombasa, upakiwe, ushushwe Lamu, kisha punda. Ngoma sare. Kisiwani lori halikufikishii mzigo mlangoni, basi bahari ni nafuu mradi chombo kijae. Mtafutie nahodha mzigo wa kurudi. Akirudi mtupu, safari zote mbili utalipa wewe.

Na mimi niliye Mpeketoni, huku bara?

Lori, bila kusita. Lafika hadi dukani.

Mifuko yangu ya chini ilifika imeganda, na turubai lilikuwepo.

Turubai huzuia mvua na mawimbi. Maji yaliyokutia hasara yalitoka chini. Jahazi la mbao halikosi kuvuja kidogo. Maji hukusanyika ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na chombo kikilala upande hupanda ubavuni. Shuka mwenyewe kabla ya kupakia: ngama ikaushwe, pampu ijaribiwe ukiona. Tandika boriti, juu yake mbao, kisha nailoni, ndipo mfuko wa kwanza. Mifuko isiguse mbavu za chombo. Acha nafasi ya kiganja. Ukipokea, chukua bonge ulifinye. Likisagika kwa vidole, ni uzito wa mifuko ya juu tu. Lisiposagika limekula maji, na tafadhali usimuuzie mtu anayemwaga zege la dari.

Safari huchukua muda gani?

Ni kama maili 130 za baharini. Kwa maili 6 kwa saa, yapata saa 22. Kusi, upepo utokao kusini, humsukuma anayekwenda Lamu, ila Juni na Julai bahari huchafuka. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, utakwenda joshi, yaani kwa kuukabili upepo, na siku huongezeka.

Mzigo wa Siyu, kisiwani Pate?

Tazama mwezi kabla ya kumwahidi mteja siku. Mkondo wa Siyu huingilika maji yakijaa. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, chombo kizito hukwama matopeni kwenye mikoko. Lenga bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mahamali wawe tayari wanangoja, kwani bamvua likipwa hupwa sana, na jahazi lililochelewa kupakua hulala hapo hadi maji yajae tena.