Pete ya Mshipa Iliyokataa Kukaza

SWALI: Shikamoo Mzee. Nilinunua moyo wa nguruwe pale Ndumbuini, nikakata pete ya ateri ya koronari (mshipa unaoupa moyo wenyewe damu) na kuitundika kwenye maji ya Krebs, yaani maji ya chumvi yanayofanana na majimaji ya mwili, nyuzi 37. Nilitia adrenalini mara tatu, kipimo cha mkazo hakikutikisika. Kitabu kinasema adrenalini hukaza mishipa ya damu. Niandike kwamba mshipa huu hauna vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea adrenalini?
Mwanafunzi, Kabete

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo, utachekwa. Pete yako ilikuwa imelegea tangu ulipoitundika, na kilichokwisha kulegea utakilegezaje tena? Kwenye ateri kubwa za koronari za nguruwe, vipokezi vya aina iitwayo beta ndivyo vyenye nguvu, na kazi yake hapo ni kulegeza. Ikaze kwanza kwa kloridi ya potasiamu, milimoli 30 kwa lita, ungoje mstari wa kipimo utulie juu. Ndipo utie adrenalini kidogo kidogo. Utauona unashuka.

Lakini ichunguze chupa yako kwanza. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilizilaumu nyoyo za nguruwe siku mbili nzima, kumbe adrenalini niliyoiacha dirishani ilikwisha kugeuka rangi ya waridi. Hewa na mwanga huiua. Tangu hapo naitia vitamini C kidogo na kuihifadhi gizani, kwenye barafu.

Sasa, kulegea peke yake hakukwambii ni kipokezi gani. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alizipanga dawa za jamii ya adrenalini kwa nguvu zake kwenye viungo mbalimbali, akapata mipangilio miwili tu. Akaviita vipokezi vyake alfa na beta; baadaye beta ikagawanywa kuwa beta-1 na beta-2. Nawe panga hivyo hivyo dawa tatu za jamii hiyo: isoprenalini, adrenalini, noradrenalini. Isoprenalini ikiongoza na hizo mbili zikafuatana kwa karibu, hiyo ni harufu ya beta-1. Noradrenalini ikiachwa nyuma sana, shuku beta-2. Kwa nguruwe wako natarajia beta-1.

Harufu si ushahidi, kwa hiyo leta vizuizi, yaani dawa zinazofunga vipokezi. Propranololi haitakusaidia kutenganisha, maana hufunga beta zote mbili. Tumia atenololi, inayoipendelea beta-1: iache nusu saa, kisha rudia dozi zote za adrenalini. Mchoro wa dozi na kulegea ukihamia kulia bila kubadili umbo, dawa mbili hizo zinagombea kiti kimoja. Fanya hivyo kwa viwango vitatu vya atenololi, ukokotoe pA2, namba inayoonyesha kizuizi kinakishika kipokezi kwa nguvu kiasi gani, kwa njia ya Schild. Ikitua karibu na 7, beta-1 umeishika. Na pete moja isipewe kizuizi chochote, kwani pete huchoka, nawe utadhani ni atenololi.

Alfa, ambayo kazi yake ni kukaza, nayo hujificha nyuma ya beta. Ziba beta kwa propranololi, kisha tia noradrenalini kwenye pete ambayo hukuikaza. Ateri kubwa za mbwa hukaza vizuri hapo. Za nguruwe hujikunja kidogo tu. Ndiyo maana jina la mnyama liwe kwenye kichwa cha ripoti yako, lisifichwe ukurasa wa nne.

Ukirudi Ndumbuini, damka. Beba chupa ya chai yenye maji ya Krebs ya baridi, moyo uingie humo papo hapo, kabla hujapanda matatu.